Ubao wa serikali za mpito: shajara ya kazi kutoka barazani Majengo

Hii ni shajara ya ubao mmoja. Umeegemea ukuta wa baraza letu hapa Majengo, Mombasa, pembeni mwa meza ya kahawa. Kazi yake ni kuonyesha nchi zinazoongozwa na serikali ya mpito, zimeahidi uchaguzi lini, na ahadi imefika wapi. Naandika kwa sababu jamaa wa maskani mbili, moja ya Likoni na nyingine ya Kisauni, wameniuliza tuliutengeneza vipi. Mwenye kutaka kuiga asome kwanza tulipokosea, ataokoa pesa za rangi.

7 Juni 2025

Kazi ilianza na ubishi wa kahawa. Wiki ya Idd watu hawana haraka ya kurudi kazini, na redio ya Ami, muuza kahawa wetu, ilikuwa imetaja Bangladesh. Muhammad Yunus, yule profesa wa mikopo midogo aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2006, amehutubia taifa usiku wa kuamkia Idd ya kwao, akasema uchaguzi utakuwa nusu ya kwanza ya Aprili 2026. Huyu ndiye anayeongoza serikali ya mpito tangu tarehe 8 Agosti 2024, siku 3 baada ya waziri mkuu Sheikh Hasina kukimbilia India.

"Mbona alisema Desemba?" kauliza mmoja.

"Alisema Juni," kajibu mwenzake, na kikombe kakitua kwa kishindo.

Wote walikuwa na haki. Kwa miezi kadhaa Yunus alikuwa akisema "kati ya Desemba 2025 na Juni 2026", na kila mtu alikuwa ameshika ncha yake ya kamba. Wakawekeana dau: atakayeshindwa atalipa kahawa ya baraza zima kwa wiki nzima. Wa Desemba akashika Desemba, wa Juni akashika Juni. Ami akasema lazima iandikwe, maana watu hawa anawajua.

Mimi ni fundi wa mabango. Nimechora sura za wagombea kwenye kuta na mabati ya mji huu hadi sizihesabu tena, ila sijawahi kulipwa kuandika siku ya mtu kuondoka. Nikajitolea.

Nilinunua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 9, shilingi 2,100. Rangi za mafuta, nyeusi na nyeupe, 1,150. Misumari na vibao vya kuegemeza, 400. Jumla 3,650. Nikapiga nyeusi mara mbili, nikagawa safu tatu: NCHI, KIONGOZI, TAREHE YA UCHAGUZI. Bangladesh ikawa ya kwanza, kwa herufi nzuri zenye kivuli: APRILI 2026. Jioni ile watu walisimama kuutazama. Niliona fahari.

14 Juni 2025

Fahari ilidumu siku sita. Jana, tarehe 13, Yunus amekutana London na Tarique Rahman, kaimu mwenyekiti wa BNP, mojawapo ya vyama vikubwa vya huko, na taarifa yao ya pamoja inasema uchaguzi waweza kufanywa wiki moja kabla ya Ramadhani, yaani Februari 2026, matayarisho yakikamilika.

Barazani hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Ukipiga kura Aprili, kampeni inaangukia ndani ya mfungo. Nani atahutubia mkutano saa nane mchana, mate yamemkauka, na wasikilizaji wake wanahesabu saa za futari? BNP walilalamika hivyohivyo, wakaongeza na joto na mitihani ya shule. Kumbe tarehe yaweza pia kuletwa mbele. Sisi tulikuwa tumezoea za kusogezwa nyuma tu.

Ubaya ulikuwa kwenye herufi zangu. Rangi ya mafuta iliyokauka siku sita haifutiki kwa kitambaa. Nilijaribu tapentaini, ikatoka nyeupe pamoja na nyeusi yake, ukabaki uji wa kijivu. Nikajaribu kupiga nyeusi juu ya ile APRILI: kivuli chake kikaonekana kwa ndani ukitazama kwa pembeni.

Ami alinitazama nikihangaika, kisha akauliza, "We fundi, watu wanaoahidi wawaandika kwa rangi ya mafuta?"

Nimesugua ubao wote kwa msasa (120), nimepaka rangi ya ubao wa shule, lita moja (950). Sasa tunaandika kwa choki. Hasara ya wiki ni 1,070, na mabega. Anayeiga aanze na rangi ya ubao siku ya kwanza. Apake mara tatu, na kila mkono aupe siku nzima ya kukauka, la sivyo choki inateleza.

28 Juni 2025

Wiki mbili zimepotea kwenye jina. Mimi niliandika juu SERIKALI ZA MUDA. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye haji barazani bila kalamu mfukoni, akaikataa.

"Muda ni muda tu, hauna ukingo. Andika mpito. Mpito una ng'ambo. Feri ya Likoni hukupitisha. Ukikaa ndani yake miaka mitano si feri tena hiyo, ni nyumba."

Kijana wa tuktuk akasema kwake yeye feri imekuwa nyumba siku nyingi. Tukacheka, jina likabadilishwa. Nchi zimefika sita: Bangladesh, Mali, Burkina Faso, Guinea, Gabon, Sudan. Niger imeachwa hadi nitakapopata nafasi.

12 Julai 2025

Kosa la pili, na hili halikuwa la rangi.

Mwanzoni mwa mwezi huu bunge la mpito la Mali limempa Jenerali Assimi Goïta muhula wa miaka 5 unaoweza kuongezwa, bila uchaguzi. Nikachukua kitambaa nikafuta tarehe iliyokuwapo, nikaandika HAKUNA. Mtoto wa jirani, wa darasa la saba, akauliza: "Kabla ya hapo waliahidi mara ngapi?" Watu wazima kumi na mmoja, hakuna aliyejua kwa yakini. Ubao wetu nao haukujua, maana kila tulipoandika jipya tulifuta la zamani.

Ilituchukua jioni tatu kuirudisha. Mapinduzi yalikuwa tarehe 18 Agosti 2020. Uchaguzi uliahidiwa Februari 2022. Mei 2021 mapinduzi ndani ya mapinduzi, Goïta akashika mwenyewe. Februari 2022 ikapita. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilikuwa imekwisha weka vikwazo vizito Januari ya mwaka huo, ikavilegeza Julai baada ya kupewa tarehe mpya ya Februari 2024. Septemba 2023 hiyo nayo ikaahirishwa, safari hii bila tarehe mbadala. Mei 2025 vyama vyote vya siasa vikavunjwa. Ukiisoma HAKUNA peke yake utadhani ni uamuzi wa asubuhi moja.

Dawa yake: hatufuti tena. Tarehe iliyovunjwa inapigwa mstari na kubaki palepale, mpya inaandikwa chini. Mstari wa Mali sasa unakula nafasi ya nchi tatu, na watu wasiojua kusoma vizuri wanauelewa upesi kuliko yote. Pia nimenunua daftari kubwa (250) na choki (200). Kila badiliko linaandikwa kwanza daftarini, pamoja na siku tuliyolisikia na aliyelisikia, ndipo liende ubaoni.

Mwalimu aliongeza jambo ambalo sikulitia ubaoni ila nalinukuu daftarini. Mali hiihii, Machi 1991, ilipinduliwa na Luteni Kanali Amadou Toumani Touré. Alifanya kongamano la taifa, katiba mpya, uchaguzi, na Juni 1992 akamkabidhi Alpha Oumar Konaré nchi na kwenda zake. Miezi 14 na ushei. Miaka kumi baadaye akarudi kwa kura. "Kwa hiyo msiseme ni nchi au ni sare ya jeshi," alisema. "Tafuteni kingine."

Hatukujua wakati ule tutafute nini.

9 Agosti 2025

Bangladesh: tarehe 5, mwaka mmoja kamili tangu Hasina aondoke, Yunus ametangaza rasmi Februari 2026, kabla ya Ramadhani. Aprili imepigwa mstari.

Gabon ndiyo iliyoniharibia ubao. Mapinduzi yao yalikuwa tarehe 30 Agosti 2023. Jenerali Brice Oligui Nguema aliahidi mpito wa miaka miwili. Kura ya maoni ya katiba wakaipiga Novemba 2024, na urais tarehe 12 Aprili 2025, miezi minne kabla ya muda kwisha. Kwa hesabu ya ubao wetu wenye safu ya tarehe, Gabon ndiyo mwanafunzi bora darasani. Haina mstari hata mmoja uliokatwa. Na mshindi ni nani? Oligui mwenyewe, kwa karibu asilimia 95.

Nilikaa mbele ya ubao na kahawa yangu ikapoa. Kwa miezi miwili tulikuwa tumepima kitu cha pembeni. Tarehe inakwambia kama mtu anashika miadi. Kama ataondoka haikwambii.

23 Agosti 2025

Jana ilikuwa tarehe 22 Agosti. Kila mwaka siku hiyo kuna mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani, husimulia alikuwa wapi Mzee Jomo Kenyatta alipofariki hapa Mombasa, Ikulu, mwaka 1978. Tumeisikia mara nyingi, na kwa kawaida twaitikia tu ili amalize. Jana Mwalimu alimkatiza.

"Ngoja hapo, Babu. Moi alishika kama nani?"

"Kama kaimu. Siku tisini, katiba ilisema."

"Na baada ya siku tisini?"

"Hazikufika. Oktoba alikuwa rais kamili. Nani angesimama naye?"

Mwalimu akageuka kwangu: "Andika safu."

Nieleze kwa vijana. Katiba ya wakati ule ilisema rais akifa, makamu anakaimu kwa siku 90 na uchaguzi unafanywa humo. Mwaka 1976 wanasiasa wakubwa walizunguka nchi na mikutano wakitaka kifungu hicho kibadilishwe, maana waliona vyema: atakayekaimu siku 90, akiwa na polisi, hazina na redio mkononi, hatashindwa. Mwanasheria mkuu Charles Njonjo akawanyamazisha, akisema hata kuwaza kifo cha rais ni kosa la jinai. Mzee alipofariki, Daniel arap Moi akakaimu, KANU ikamsimamisha peke yake, na tarehe 14 Oktoba 1978 akaapishwa bila mwananchi kupiga kura ya urais. Alikaa hadi Desemba 2002. Katiba ya leo imetengeneza njia nyingine: nafasi ya rais ikiwa wazi na naibu hayupo, spika wa Bunge la Taifa anakaimu na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60.

Basi tumeongeza safu: ANAGOMBEA MWENYEWE? Jibu ni NDIYO au LA, kwa choki nyekundu. Ilinibidi kubana safu ya KIONGOZI, majina mengine sasa yanasomeka kwa kukaza macho.

Tulipoijaza kwa nchi zilizopita, daftarini, picha ilitokea ambayo tarehe hazikuwa zimeionyesha. Nigeria: Sani Abacha alikufa Juni 1998, Jenerali Abdulsalami Abubakar akashika, hakugombea, na tarehe 29 Mei 1999 akamkabidhi Olusegun Obasanjo. Liberia: mapatano ya Accra ya Agosti 2003 yalimzuia mwenyekiti wa mpito, Gyude Bryant, na mawaziri wake kugombea, uchaguzi ukafanywa 2005, akashinda Ellen Johnson Sirleaf. Chad: Mahamat Déby alishika Aprili 2021 baada ya baba yake, aliyekuwa rais, kuuawa vitani, akasema miezi 18, ikaongezwa miaka miwili na yeye akaruhusiwa kugombea, Mei 2024 akashinda. Gabon mkataba wa mpito uliwazuia wajumbe wa serikali na bunge la mpito. Rais wa mpito haukumtaja.

Hapo ndipo tulipopata kile "kingine" cha Mwalimu. Toumani Touré wa 1991 hakuwa malaika. Alikuwa mtu asiyekuwa kwenye karatasi ya kura.

14 Septemba 2025

Nepal imeingia kwa kishindo. Maandamano ya vijana ya tarehe 8 na 9, waziri mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu, bunge likachomwa moto. Tarehe 12 Sushila Karki, aliyekuwa jaji mkuu, akaapishwa waziri mkuu wa mpito, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho. Bunge limevunjwa, uchaguzi ni tarehe 5 Machi 2026.

Kosa la tatu nalikiri. Kijana wa tuktuk alikuja na simu akasema Karki "amechaguliwa kwenye Discord", mtandao wa wacheza gemu. Lilikuwa jambo tamu mno, nikaandika ubaoni moja kwa moja bila kupitia daftari: ALICHAGULIWA KWA SIMU. Kwa siku nzima Majengo yote iliuliza kwa nini na sisi tusifanye hivyo, foleni za nini.

Ukweli una tabaka mbili. Vijana walijadiliana kweli kwenye Discord na kupiga kura ya kupendekeza jina, na jina la Karki likaongoza. Aliyemteua ni Rais Ramchandra Paudel, baada ya mazungumzo yaliyomhusisha pia mkuu wa jeshi. Pendekezo la simu halikuwa na nguvu ya sheria. Nilifuta (ndiyo, nilifuta, kanuni yangu mwenyewe), kisha nikaona aibu, nikaliandika tena na kulipiga mstari.

Kwenye safu ya kugombea: Karki amesema hatakaa zaidi ya miezi 6. LA, kwa nyekundu. Mwalimu akakumbusha kwamba Nepal walishawahi: mwaka 2013 jaji mkuu Khil Raj Regmi aliongoza serikali ya uchaguzi, na Novemba hiyohiyo kura ikapigwa.

Ubao umejaa. Nimeongeza kipande cha plaiwudi chini yake, 900.

18 Oktoba 2025

Madagaska, jirani yetu wa bahari, imeanguka mikononi mwa jeshi tarehe 14. Kanali Michael Randrianirina ameapishwa jana. Anasema hadi miaka miwili. Imeandikwa, lakini wiki hii hakuna aliyeutazama ubao. Raila Odinga amefariki tarehe 15 nchini India, na baraza limekuwa la maombolezo.

25 Oktoba 2025

Msiba ndio ulioileta Kenya ubaoni. Watu walipokuwa wakimkumbuka Raila walirudi tena na tena kwenye uchaguzi wa Desemba 2007, na mtu akauliza mbona nchi za watu zinaandikwa na yetu imefichwa. Nikajibu hatukuwa na serikali ya mpito, tulikuwa na serikali ya mseto. Mwalimu akasema serikali haikuwa ya mpito, lakini tume ya uchaguzi ilikuwa.

Tume ya Johann Kriegler, jaji wa Afrika Kusini, ilichunguza uchaguzi ule ikaona daftari la wapiga kura lilikuwa limeoza, likiwa na marehemu wanaokadiriwa kufika milioni 1.2. Tume ya zamani, ECK, ikavunjwa. Ikaja IIEC, tume ya muda iliyo huru, chini ya Ahmed Issack Hassan. Ilianza daftari upya kabisa, ikaandikisha zaidi ya watu milioni 12, ikasimamia kura ya maoni ya katiba tarehe 4 Agosti 2010, na mwaka 2011 ikaondoka kuipisha IEBC, tume ya kudumu. Mimi mwenyewe nilijiandikisha mwaka ule kwenye madarasa ya shule ya msingi, mstari ukizunguka mwembe.

Hapa ndipo nilipobadili maneno yangu mwenyewe. Tangu Juni nilikuwa nikisema kila mwezi wa mpito ni mwezi wa wizi: kura si sanduku na karatasi, nini cha kungojea? Bangladesh wana jibu refu. Tangu 1996 katiba yao ilikuwa na serikali ya usimamizi: muhula ukiisha, jaji mkuu mstaafu anashika na kufanya uchaguzi katika siku 90, na washauri wake hawagombei. Ilifanya kazi 1996 na 2001. Kisha vyama vikaanza kugombania nani awe jaji mkuu anayestaafu kwa wakati unaofaa, na uchaguzi wa Januari 2007 ukavunjika. Serikali ya siku 90 ikakaa karibu miaka miwili, jeshi likiwa nyuma yake. Siku hizo nyingi zilikuwa za hatari, na wanasiasa wengi walifungwa. Ila humo ndani lilitengenezwa daftari jipya la wapiga kura lenye picha, zaidi ya watu milioni 80, na uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 2008 ulifanyika kwa daftari hilo. Mwaka 2011 serikali ya Hasina ikaufuta utaratibu mzima wa usimamizi. Yaliyofuata ndiyo yaliyotuletea Yunus.

Kwa hiyo kungoja kwenyewe hakuthibitishi wizi. Swali ni humo ndani wanafanya nini. Tumeongeza safu DAFTARI, yaani la wapiga kura: limeanzwa, linaendelea, halijaguswa. Ndiyo safu ngumu kuliko zote kuijaza, kwa kuwa redio haitangazi daftari. Hadi leo ina mapengo matano.

1 Novemba 2025

Mvua ya vuli imefagia ubao usiku. Asubuhi kulikuwa na maziwa meupe yakitiririka hadi kwenye mfereji, na Ami anachota maji kuosha miguu ya meza. Daftari letu la kumbukumbu lilikuwa dukani, salama. Nimeandika yote upya kwa saa mbili. Nimeongeza bati la kinga juu, na bawaba, 850. Ningeliweka Juni kama ningekuwa na akili.

8 Novemba 2025

Guinea. Mkataba wa mpito wa Septemba 2021, baada ya Kanali Mamadi Doumbouya kumpindua Alpha Condé, ulisema wazi kwamba walio kwenye vyombo vya mpito hawatagombea. Tulikuwa tumeandika LA tangu Agosti na kuisifu. Septemba mwaka huu wakapiga kura ya maoni ya katiba mpya, na katika katiba hiyo kizuizi hakimo. Tarehe 3 mwezi huu Doumbouya amewasilisha jina lake kwa uchaguzi wa Desemba 28. LA imepigwa mstari, chini yake NDIYO.

Nilidhani safu yetu ni chuma. Kumbe LA nayo ni ahadi kama zile nyingine, ikiwa anayeiandika ndiye anayeshika kalamu ya katiba.

Babu mvuvi, ambaye huwa hasemi sana juu ya nchi za mbali, akauliza upande wa pili: "Na waliofungiwa mlango mmewaandika wapi?" Hatukuwa tumewaandika. Guinea mgombea lazima awe anaishi nchini, na viongozi wakubwa wa upinzani wako uhamishoni. Gabon waliweka ukomo wa umri wa miaka 70. Mali hakuna vyama tena. Na Bangladesh, mwanafunzi wetu mpendwa, ambako Yunus hagombei: chama cha Hasina, Awami League, kilipigwa marufuku kufanya shughuli Mei mwaka huu na usajili wake ukasimamishwa, kwa hiyo hakitakuwa kwenye karatasi. Wapo wanaosema ni haki, kwa damu iliyomwagika kwenye maandamano ya Julai na Agosti 2024. Wapo wanaosema huwezi kukiondoa chama kizima cha zamani kisha ukaita uchaguzi wa wote. Baraza liligawanyika na magawanyiko hayajapona; wawili hawakai benchi moja hadi leo.

Nimeandika safu ya mwisho, KAFUNGIWA NANI?, na ndani yake majina tu, bila sifa wala lawama. Kwa mwenye kuiga: anza na safu hii na ile ya kugombea. Ya tarehe iweke mwisho, kwa herufi ndogo.

29 Novemba 2025

Chaguzi ndogo za hapa kwetu zimefanywa juzi, tarehe 27, Magarini ikiwemo. Jimbo la Banissa lilikaa bila mbunge tangu Machi 2023, kwa kuwa IEBC haikuwa na makamishna hadi Julai mwaka huu. Katiba yasema kiti kijazwe ndani ya siku 90. Nimeliandika kwenye kona ya ubao, kwa choki ya kijani, ili tusijione mahakimu wa dunia.

13 Desemba 2025

Tarehe 11 tume ya uchaguzi ya Bangladesh imetangaza ratiba: Alhamisi, 12 Februari 2026, pamoja na kura ya maoni ya mkataba wa mageuzi uliopewa jina la Julai. Imeandikwa. Juu yake kuna mistari miwili iliyokatwa: ile "Desemba hadi Juni", na Aprili. Februari ya Agosti imebaki, imeongezewa siku tu.

Hesabu hadi leo:

Ubao, rangi za kwanza na misumari: 3,650
Msasa na rangi ya ubao: 1,070
Daftari na choki: 450
Kipande cha nyongeza: 900
Bati na bawaba: 850
Jumla: shilingi 6,920

Mchango wa barazani, sarafu za ishirini kwenye mkebe wa Ami, umefika 4,300. Zilizobaki 2,620 zimetoka mfukoni mwangu, na 1,150 kati yake ni rangi za mafuta ambazo hazikufaa kitu.

Yaliyobaki: Niger bado haina mstari. Safu ya daftari bado ina mapengo. Sudan nimeiacha kama ilivyo: mapatano ya Agosti 2019, mpito wa miezi 39, mapinduzi ya tarehe 25 Oktoba 2021, wiki chache kabla ya wanajeshi kuwaachia raia uenyekiti wa baraza kuu, kisha vita tangu Aprili 2023. Hakuna safu inayotosha kwa hilo, na familia mbili za Kisudani zapita hapa kwenda sokoni.

Kuhusu dau: wa Desemba ameshindwa, wa Juni ameshindwa. Ami adai wote wawili walipe, wiki moja moja. Wa Desemba ameanza jana, kikombe kwa kikombe. Wa Juni asema kura haijapigwa bado, na kwamba ubao huu una choki ya kutosha.